Wembe wa kukunja wa mtumba: namna ya kuusafisha na kuua vijidudu kabla haujagusa ndevu

Kinoo wa Ngarenaro

Wakuu, habari za jioni.

Ukipekua mafungu ya vyombo vya mitumba, iwe Kilombero hapa Arusha au Memorial kule Moshi, mara mojamoja utakuta wembe wa kukunja umelala kati ya vijiko na saa mbovu. Ukisoma maandishi kwenye shingo ya bapa na kukuta Solingen (Ujerumani) au Sheffield (Uingereza), hicho mara nyingi ni chuma kizuri cha kaboni, kikinolewa kinanyoa miaka. Tatizo ni kwamba hujui kiliwahi kukata shingo ya nani. Uzi huu ni wa mtu anayetaka kunyolea ndevu zake mwenyewe nyumbani. Ya saluni ni mengine, tutayafikia.

Kitu cha kwanza kuelewa: dawa haiui kilichofunikwa na uchafu. Wembe wa zamani unakuja na sabuni iliyoganda, vinyweleo, ngozi iliyokauka, pengine damu. Ukiuchovya kwenye spiriti ukiwa hivyo, spiriti inaigandisha ile protini juu ya chuma, na vijidudu vinabaki chini yake vimejisitiri. Kwa hiyo kuosha ndiyo sehemu kubwa ya kazi. Dawa inamalizia tu.

Na uchafu wenyewe haupo pale unapodhani. Watu wanang'arisha bapa hadi linakuwa kioo, kumbe shida iko kwenye pini. Fungua wembe nusu, uelekeze kwenye taa, chungulia pale shingo inapoingia katikati ya maganda mawili ya mpini. Utaona mviringo mweusi umeizunguka pini, mgumu kama nta. Ukiuchokoa kwa kijiti cha meno unatoka vipandevipande, na ukiuweka kwenye karatasi nyeupe utaona vinyweleo ndani yake. Ndipo maji yanapolala kila mtu anaponyoa, na ndipo kutu inapoanzia.

Navyoshauri mimi ni hivi. Vaa glavu. Makali yafunike kwa solatepu, maana hata wembe butu unakata mkono wenye sabuni. Tandika kitambaa ndani ya beseni, makali yakigonga bati au marumaru yanamegeka. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo, mswaki wa zamani kwa nje, vijiti vya meno vilivyofungwa pamba kwa ndani ya mpini. Kwenye pini chukua bomba la sindano la 5 ml lisilo na sindano, vuta maji ya sabuni, pulizia pande zote mbili huku ukifungua na kufunga wembe taratibu mara 20 hivi. Rudia mpaka maji yatoke meupe. Kisha toa solatepu, osha makali kwa pamba ukifuta kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, usifute kamwe kwa kufuata urefu wa makali.

Kama kuna kutu, iondoe katika hatua hii, kabla ya dawa. Loweka bapa kwenye mafuta ya taa usiku kucha ili kutu ilegee, kisha msasa wa maji namba 600, 1000, hadi 2000, uukunje kwenye kizibo cha chupa usikate vidole. Stilwaya usiipeleke karibu na makali. Ukimaliza osha tena kwa sabuni mara mbili, kwa sababu utando wa mafuta nao unazuia dawa isiguse chuma.

Ya dawa naomba Dada wa Maabara aje aeleze, yeye ndiye mwenyewe.

Mama Sakina

Asante kaka kwa somo. Mimi nauliza, kwa nini tusichemshe tu kama tunavyochemsha chuchu za chupa ya mtoto? Dakika tano yameisha.

Kinoo wa Ngarenaro

Mama, bapa lenyewe halina ubaya na maji ya moto. Wembe ulikazwa kiwandani kwa joto linalozidi kwa mbali lile la maji yanayochemka, kwa hiyo maji hayalegezi chuma. Kinachoharibika ni mpini. Pembe ya ng'ombe inajikunja, mbao inapasuka, na ile plastiki ya zamani inayoitwa seluloidi inalainika na kupinda. Bapa likitoka kwenye mpini uliopinda halirudi tena katikati, linagonga ganda la mpini na makali yanakufa.

Kuitambua seluloidi: sugua mpini kwa dole gumba kwa nguvu mpaka upate joto, kisha nusa. Ikinuka kafuri, ni seluloidi. Iweke mbali na moto pia, inashika haraka sana. Na kama inatoa harufu kali ya kuchoma pua, na bapa lina kutu hasa sehemu inayolala ndani ya mpini, hiyo seluloidi imeshaanza kuoza na inatoa asidi. Hapo hata ukisafisha vipi, kutu itarudi. Badilisha mpini au uache.

Kwa hiyo kuchemsha ni kwa bapa lililotolewa kwenye mpini. Kutoa pini unapiga tupa kile kichwa chake upande mmoja mpaka kiwe sawa na washa yake, ile pete ndogo ya chuma chini ya kichwa, kisha unaisukuma kwa msumari mwembamba uliokatwa ncha. Pini ya kurudishia ni waya wa shaba wa milimita 1.6. Kama mkono wako haujazoea, usiguse, mpini wa pembe unapasuka kwa nyundo moja.

Dada wa Maabara

Habari zenu. Naongezea kwenye kuchemsha kitu ambacho huku kwetu tunakisahau. Vitabu vinasema maji yanachemka nyuzi 100, lakini hiyo ni Tanga au Dar, usawa wa bahari. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400 juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Moshi mjini ni kama 97. Yanatokota vilevile, ila hayana joto lilelile. Kwa hiyo dakika tano hapana, Mama Sakina. Hesabu dakika 20 tangu maji yaanze kutokota kwa nguvu, na kwa Arusha mimi naweka 30, chombo kikiwa kimezama chote na usiongeze kingine katikati. Ukiongeza kijiko kimoja tu, unaanza kuhesabu upya.

Na hata hivyo kuchemsha si kutakasa kabisa. Mbegu za bakteria kama zile za pepopunda zinavumilia maji yanayochemka. Za kutakasa ni otoklevu, mvuke wa nyuzi 121 chini ya shinikizo.

Sasa dawa. Tuanze na adui. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi kwenye chuma kikavu kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo damu iliyokauka usiichukulie kuwa imekufa. Vya homa ya ini C navyo ni vigumu. Vya UKIMWI ni dhaifu zaidi nje ya mwili, ila hatuvidharau. Kuna fangasi wa mapunye, kuna bakteria wa majipu, kuna virusi vya chunjua.

Spiriti. Inayotakiwa ni ya asilimia 70. Watu wanadhani ya 96 ni bora kwa kuwa ni kali, kumbe spiriti inahitaji maji ili ipenye na kuharibu protini ya kijidudu. Ya 96 inakausha nje haraka na kuruka kabla haijafanya kazi. Ukiwa nayo, pima 73 ml, ongeza maji safi yaliyochemshwa na kupoa mpaka ujazo ufike 100 ml. Loweka bapa dakika 10 kamili likiwa limezama. Kufuta kwa pamba na kuondoka hakuhesabiki, inakauka ndani ya nusu dakika. Jeli ya mikono usitumie, inaacha utando. Na usifanye kazi hii karibu na jiko linalowaka.

Spiriti ina mapengo mawili: haiui mbegu za pepopunda, na virusi vya chunjua vinaihimili. Ndiyo maana kwa wembe usiojulikana ulikotoka napenda uanzie na jiki.

Jiki ya asilimia 3.5: kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo sita vya maji, inakupa asilimia 0.5. Mfano 50 ml za jiki na 300 ml za maji. Dakika 10. Changanya ya siku hiyohiyo, ikilala inapungua nguvu, na chupa iliyokaa juani dirishani ni maji tu. Usichanganye na siki wala dawa ya choo, inatoa gesi inayochoma mapafu.

Kinoo wa Ngarenaro

Hapo kwenye jiki niingilie, dada, samahani. Klorini inakula chuma cha kaboni. Dakika 10 zinaacha madoa ya kijivu, nusu saa inaacha vishimo kwenye makali, na pini ya shaba inabadilika rangi. Nyembe nyingi nzuri zimekufa kwa mtu kuloweka jiki akalala.

Dada wa Maabara

Ni kweli kabisa kaka, ndiyo maana mpangilio una maana. Jiki iwe kabla ya kunoa, spiriti iwe baada ya kunoa. Osha, jiki dakika 10 kwa saa mkononi, suuza maji mengi safi papo hapo, kausha. Madoa na makali yaliyoguswa na klorini yataondoka kwenye kinoo. Baada ya hapo jiki haigusi tena wembe huo. Kilichobaki ni spiriti dakika 10 baada ya kunoa, na tena kabla ya kunyoa mara ya kwanza.

Kama mpini ni seluloidi, usiuloweke kwenye spiriti, unafifia na kulainika. Ufute kwa pamba iliyolowa kidogo, na kwenye pini dondoshea matone kwa bomba la sindano.

Mangi wa Kiboriloni

Wakuu, mbona mnazunguka? Si unapitisha bapa kwenye moto wa gesi sekunde chache, kama tunavyofanya sindano ya kutolea mwiba? Moto hauachi kitu.

Kinoo wa Ngarenaro

Mangi, usifanye hivyo hata kidogo. Sindano haihitaji kushika makali, wembe unahitaji. Ncha ya makali ni nyembamba kiasi kwamba inapata joto la moto kabla mgongo haujawa hata wa uvuguvugu. Angalia rangi: kuanzia nyuzi 200 na kitu chuma kinageuka manjano ya majani makavu, karibu na 300 kinakuwa buluu. Ukiona buluu kwenye makali, sehemu hiyo imelegea. Utainoa leo, kesho imelala. Hakuna kinoo kinachorudisha ugumu, dawa yake ni kusaga chuma chote kilicholegea, na kwa wembe mwembamba mara nyingi hiyo ni kuumaliza. Tanuri la kuokea nalo nyuzi 170 kwa saa moja linakaribia mno joto la mwisho ambalo chuma kilipitishiwa kiwandani baada ya kukazwa. Acha.

Kinyozi Kaloleni

Nimefuatilia vizuri. Mimi ni wa saluni. Tunalo lile boksi la taa ya buluu, sterilaiza. Nikipata wembe wa kukunja, nikausafisha hivi mlivyoeleza, kisha kila mteja akitoka naurudisha kwenye boksi dakika kumi, si itakuwa sawa? Wateja wa ndevu wanaupenda.

Dada wa Maabara

Kaka, hapana, na naomba unisikilize vizuri kwa sababu hapa ndipo watu wanapougua.

Ile taa inafanya kazi pale tu mwanga wake unapogusa. Wembe ukilala, upande wa chini haupati mwanga. Ndani ya mpini na kwenye pini ni giza. Unyweleo mmoja au tone la sabuni lina kivuli chake. Boksi linafaa kuhifadhia vifaa ambavyo vimeshasafishwa, visipate vumbi. Lenyewe halisafishi.

Jambo la pili. Mwaka 1968 Earle Spaulding, mtaalamu wa vijidudu wa Marekani, alipanga vifaa katika madaraja matatu kwa kuangalia vinagusa nini, na hospitali zinaufuata mpangilio huo hadi leo. Kinachogusa ngozi nzima ni daraja la chini. Kinachopenya ngozi ni daraja la juu, hicho kinatakaswa kwa otoklevu, hakitoshi kuloweka. Wembe wa ndevu hauna mnyoaji, hata awe hodari vipi, anayeweza kuahidi kwamba hautachubua. Na mchubuko wa ndevu mara nyingi hauonekani kwa macho.

Kwa mteja tumia mpini wa kuwekea kiwembe. Vunja wembe wa kawaida wa makali mawili katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, weka nusu, na ufungue mbele ya mteja aone. Akimaliza, toa. Mpini wenyewe unaoshwa na kulowekwa spiriti dakika 10, kwa hiyo uwe nayo mitatu au minne ya kupokezana. Viwembe vilivyotumika vitupwe kwenye galoni la plastiki ngumu lenye kifuniko, si kwenye mfuko wa taka, mzoa taka naye ana mikono. Na wewe mwenyewe kachanjwe homa ya ini B, ni dozi tatu: ya leo, ya baada ya mwezi, na ya mwezi wa sita.

Kinyozi Kaloleni

Nimekuelewa dada yangu. Na kama mteja anakuja na wembe wake mwenyewe wa kukunja?

Dada wa Maabara

Umnyoe yeye peke yake nao, na aondoke nao. Ila ukimnolea, usitumie ngozi ya kunolea ya saluni. Ngozi inapitisha kila kitu kutoka wembe mmoja kwenda mwingine.

Kinoo wa Ngarenaro

Hilo la ngozi hata kwa mtumiaji wa nyumbani. Ukiuziwa wembe pamoja na mkanda wake wa ngozi, chukua wembe, mkanda uache. Ngozi ina vinyweo, imekunywa mafuta na seli za ngozi za mtu miaka mingi, huwezi kuichemsha wala kuiloweka ikabaki ngozi. Nunua mpya, au kata mkanda wa ngozi halisi ulionyooka, upana wa sentimita 6 hivi.

Kunoa kwenyewe ni uzi mwingine, ila kwa ufupi: kinoo namba 1000 kutengeneza pembe ya makali, kisha 4000, kisha 8000, na ukiweza 12000. Mgongo na makali vilale juu ya jiwe kwa pamoja muda wote, mgongo ndio unaopima pembe. Kisha ngozi mara 40 hadi 60, ukitanguliza mgongo. Faida ya kiusafi ni kwamba kinoo kinakuondolea chuma cha zamani chote kwenye makali. Kinachogusa uso wako ni chuma ambacho hakijawahi kugusa mtu.

Mzee wa Soweto

Vijana, hongereni kwa uzi. Mimi nina wembe wenye mpini mweupe, mzito upande wa nyuma, na pale nyuma katikati ya maganda kuna kipande cha kijivu chenye unga mweupe. Huo unga ni nini?

Kinoo wa Ngarenaro

Shikamoo mzee. Hicho kipande cha kijivu karibu hakika ni risasi. Nyembe nyingi za zamani ziliwekewa kabari ya risasi kwenye mkia wa mpini. Unga mweupe ni risasi iliyooza, na ni sumu. Usiupige msasa mkavu wala usiupulize. Ufute kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, kitambaa ukitupe, unawe mikono kabla ya kula. Ukiweza, kabari hiyo ibadilishwe kwa kipande cha mbao ngumu.

Mpini mweupe nao uutazame. Kama mwishoni una mistari myembamba inayokatizana kama wavu, hiyo ni pembe ya ndovu, na kwetu kuimiliki bila kibali ni kosa la jinai. Kama mistari imenyooka sambamba kama ya kuchorwa, mara nyingi ni seluloidi ya kuiga. Ndiyo hiyo ya kunusa kafuri.

Mama Sakina

Na vipele vya ndevu? Mwanangu anatoka vipele shingoni kila akinyoa, nilitaka nimnunulie huu ili aepuke wembe mchafu.

Dada wa Maabara

Mama, vingi vya hivyo havitokani na uchafu. Nywele zetu ni za kujikunja, zikikatwa karibu sana zinachongoka na kurudi kuchoma ngozi kwa ndani. Wembe wa kukunja unakata karibu kuliko vyote, kwa hiyo unaweza kumzidishia hata ukiwa umetakaswa mara mia. Kwake yeye afadhali mashine ibakize milimita 1 hivi. Vipele vyenye usaha na maumivu, hivyo apelekwe kwa daktari wa ngozi.

Mangi wa Kiboriloni

Dada, na nikijikata nao kabla sijausafisha? Yaani pale ninapoukagua sokoni.

Dada wa Maabara

Osha jeraha hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue wala usinyonye. Kisha kituo cha afya siku hiyohiyo, ueleze ni kifaa cha kale kisichojulikana. Watakuangalia chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini B. Kama damu iliyokuwepo ni mbichi, dawa za kuzuia UKIMWI zinaanzwa mapema iwezekanavyo na si zaidi ya saa 72. Na sokoni usijaribu makali kwa kidole.

Kinoo wa Ngarenaro

Kuukagua sokoni huhitaji kidole. Elekeza makali juani, uyatazame kwa mbele. Makali mazuri hayaakisi mwanga, ni mstari mweusi tu. Kila nukta inayong'aa ni pengo au ubutu.

Na kutunza: kila ukimaliza kunyoa suuza, kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, acha wazi saa nzima, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini na utando mwembamba kwenye bapa. Kabla ya kunyoa tena, toa mafuta kwa sabuni kwanza, ndipo spiriti. Masika na ule ukungu wetu wa Julai usiuweke bafuni. Vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vitie ndani ya kasha lake.

Mzee wa Soweto

Marahaba kijana. Nimeuangalia juani kama ulivyosema. Mgongo ni safi, lakini kwenye makali kuna vishimo vyeusi vidogo kama punje za ulezi, vinne au vitano, viwili vimefika kabisa kwenye ncha ya makali.

Kinoo wa Ngarenaro

Mzee, vile vya juu havina shida. Hivyo viwili vya kwenye ncha ndivyo vibaya. Kishimo cha kutu kina kina kuliko kinavyoonekana, dawa haifiki chini yake, na makali yakikipita yanamegeka vipande vidogo vinavyokwangua shavu. Vikiwa ndani ya nusu milimita kutoka kwenye ncha, jiwe la 1000 linaweza kuvimaliza kwa saa moja au mbili za kazi. Vikizidi milimita moja, huo uweke kabatini kama kumbukumbu, usiupeleke usoni.

Mzee wa Soweto

Nimepima kwa rula, kimoja kinafika milimita mbili. Nauweka kabatini.